Wageni wa Oktoba: Siku Moja ya Kuhesabu Vipanga na Vitwitwi

Ninyi mlioko shuleni na ninyi mliomaliza zamani, nyote mnalijua tangi la maji lililo juu ya kilima chetu. Nimesikia kwamba wanafunzi wa zamani walikuwa wakipanda pale kukwepa kazi za shamba siku za Jumamosi. Sisi tulipanda Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa Oktoba, tena kwa ruhusa, tukiwa na daftari, kalamu, na darubini mbili kwa watu saba. Kazi yetu ilikuwa kuhesabu ndege. Wenzetu walitucheka sana. Mmoja aliuliza kama kuku wa jikoni wamekwisha kuhesabiwa. Basi nataka kueleza tulikwenda kutazama nini, maana hata mimi mwaka juzi ningalicheka vile vile.

Kwanza niseme habari ya pete. Babu yangu alikuwa mvuvi katika kijiji kimoja kando ya Ziwa Viktoria, naye alikuwa na ufunguo wa sanduku uliofungwa uzi pamoja na pete ndogo nyepesi ya alumini. Nilipokuwa mtoto nilidhani ni pete ya mtoto mchanga. Juu yake paliandikwa MOSKWA. Babu alisema aliitoa mguuni mwa mwewe aliyempiga kwa rungu alipomkuta ametua chini karibu na vifaranga. Mwewe mwenyewe alimtundika juu ya mti karibu na banda la kuku, ili wenzake waone na kuogopa.

Mwaka juzi nilimwonyesha mwalimu wetu wa elimu ya viumbe pete hiyo. Aliitazama kwa muda mrefu, kisha akaniambia kwamba pete za namna hiyo huvishwa ndege na wataalamu wa Urusi, na jina lile ni la mji wao mkuu. Kila pete ina nambari yake, nayo nambari ndiyo jina la yule ndege: kwa nambari hiyo hujulikana alivishwa wapi, siku gani, na kama alikuwa mtoto au mzee. Lakini pete yetu ilikuwa imesuguana na ufunguo kwa miaka zaidi ya 20. Zilibaki tarakimu tatu tu, tena moja yao hatukujua kama ni 3 au 8. Ndege alikuwa ametoka mbali kiasi hicho, na habari zake zote zikaishia katika mfuko wa babu. Tangu siku ile nikaanza kutazama juu.

Sasa nieleze sababu ya safari yenyewe. Mwezi wa Septemba, huko Urusi na kaskazini ya Ulaya, mchana huanza kufupika upesi. Wadudu hufa au hujificha, panya huingia chini ya theluji, na matope ya kandokando ya maji hugandamana yakawa magumu kama sakafu. Wengi hudhani ndege hukimbia baridi. La, manyoya yake yangemtosha kwa baridi. Akimbiacho ni njaa. Watu wa pwani huita mvua za Oktoba mpaka Desemba vuli, na vitabu vyetu vya shule hutumia neno hilo hilo kwa majira ya Ulaya ambayo majani hupukutika. Mvua zetu na majani makavu ya kwao havifanani hata kidogo, lakini kwa ndege ni safari moja: huondoka katika vuli ile na kuingia katika vuli hii.

Tuliamka saa kumi usiku, tukapanda gari la shule, na saa kumi na mbili asubuhi tulikuwa mwaloni, tayari kuingia katika ghuba ya Lutembe. Ghuba hii iko kati ya Kampala na Entebbe, imezungukwa na mafunjo, na tangu mwaka 2006 imo katika orodha ya Ramsar, yaani mkataba wa mataifa wa kulinda mahali penye maji na matope, uliofanywa katika mji wa Ramsar nchini Iran mwaka 1971. Mzee mmoja mvuvi alituchukua katika mtumbwi wake. Alituamuru tuketi na tunyamaze, na mwenzetu aliyesimama ili apate picha aliambiwa kwamba yeye atarudi kwa kuogelea.

Kulipopambazuka tuliona kitu cheupe kimefunika matope na majani yaliyolala juu ya maji. Nilidhani ni povu. Kumbe ni ndege wadogo wa jamii ya shakwe, watokao Ulaya ya mashariki na Asia. Waliporuka wote pamoja, sauti ya mabawa yao ilikuwa kama mvua inayokuja juu ya mabati. Hao hatukuwahesabu. Mwalimu alisema tuwaache kwa watu wenye macho mengi.

Haja yetu ilikuwa vitwitwi, wale ndege wenye miguu myembamba wanaokimbia-kimbia ukingoni mwa maji na kuchoma matope kwa midomo. Kwa Kiswahili tunawaita wote vitwitwi, lakini wako wa namna nyingi. Mdogo kuliko wote tuliowaona, ambaye kwa Kilatini anaitwa Calidris minuta, ana uzito wa gramu 25 hivi. Wawili wakiwekwa pamoja hawafikii uzito wa yai moja la kuku. Naye huzaliwa kaskazini kabisa, katika nchi tambarare zisizo na miti zinazoanzia Norway mpaka Siberia. Karibu yake palikuwa na mwingine, mkubwa kidogo, mwenye mdomo mrefu uliopinda kuelekea chini, Calidris ferruginea. Huyu huzaliwa Siberia ya kaskazini tu. Kutoka kwao mpaka pale mtumbwi wetu ulipokuwa ni zaidi ya kilomita 8000.

Mwalimu alituambia tutazame vizuri mgongo wa huyo mwenye mdomo uliopinda. Manyoya yake yalikuwa na kingo nyeupe, yakipangana kama magamba ya samaki. Hiyo ni alama ya mtoto aliyezaliwa mwaka huo huo, mwezi wa Juni au Julai. Kisha akatueleza jambo ambalo sijaacha kulifikiri. Katika ndege hawa madume huondoka kwanza, mara tu mayai yanapoatamiwa. Majike hulea watoto, kisha nao huondoka. Watoto hubaki nyuma peke yao mpaka mabawa yapate nguvu, halafu siku moja nao huruka kuelekea kusini. Hakuna wa kuwaonyesha njia. Mwelekeo wanao ndani yao tangu kuzaliwa, na huushika kwa kufuata jua, nyota, na nguvu ya sumaku ya dunia. Mimi nilipokuja shule hii mara ya kwanza nilisindikizwa na mjomba mpaka langoni, na bado nililia.

Namna yao ya kusafiri ni ya kupiga mabawa tangu mwanzo mpaka mwisho. Kazi hiyo yataka mafuta, si ya taa bali ya mwilini. Kabla ya safari kitwitwi hula mchana kutwa, na wengine wa jamii hii hukaribia kuwa na uzito mara mbili ya ule wa kawaida. Ratili moja ya mafuta hutoa nguvu zaidi ya maradufu ya ratili ya sukari, nayo yakichomwa mwilini hutoa na maji, kwa hiyo ndege hafi kiu njiani. Wako ambao hupunguza hata matumbo yao kabla ya kuondoka, kwa kuwa tumbo ni mzigo kwa mtu asiyekula. Mwezi wa Oktoba 2022 ndege mmoja wa jamii ya sululu, aliyefungwa chombo kidogo cha kupeleka habari kwa satelaiti, aliruka kutoka Alaska mpaka Tasmania bila kutua. Alikwenda kilomita 13,560 kwa siku 11. Alikuwa na umri wa miezi mitano.

Tena husafiri zaidi usiku. Usiku hewa ni baridi na imetulia, mwili haupati joto kupita kiasi, na maadui wenye makucha wamelala. Kukicha hushuka na kula. Ndiyo sababu tuliamka saa kumi, jambo ambalo wawili katika kundi letu walilinung'unikia njia nzima.

Lakini ashukapo lazima apate matope, nayo si matope ya namna yoyote. Yakiwa makavu, mdomo hauingii. Yakifunikwa na maji yanayopita magoti yake, hawezi kula. Kwake ghuba kubwa yote ni ule utepe mwembamba wa ukingoni tu. Mwezi wa Mei 2020 ziwa lilijaa kupita hata kiwango cha mwaka 1964, ambacho wazee walikuwa wakikitaja kama Gharika ya Nuhu. Kibanda cha babu cha kuwekea nyavu kilisimama majini mpaka dirishani. Wakati ule nilihuzunikia kibanda. Sikufikiri kwamba utepe wote wa matope nao ulikuwa chini ya maji. Na mahali pengine ukingo hauondolewi na maji bali na watu, wanaoufukia kwa udongo wapate kulima au kujenga. Mzee wa mtumbwi alituonyesha kwa kasia sehemu kama hiyo. Alisema alipokuwa kijana alitega kambare pale. Sasa twaweza kupanda mahindi.

Saa tatu tuliondoka, na saa nne kasorobo tulikuwa chini ya tangi letu. Tukatazama kaskazini. Hakuna kitu. Nusu saa nzima tuliona kunguru na ndege mmoja wa abiria akienda Entebbe.

Mwalimu hakushughulika. Alituambia vipanga wamelala mitini mahali fulani wakingoja kama sisi tunavyongoja basi. Maana kipanga mpana wa mabawa hasafiri kama kitwitwi. Ni mzito, na kama angepiga mabawa kutoka Urusi mpaka hapa angekufa njiani. Yeye husafiri kwa nguvu ya jua. Jua likipanda huchoma ardhi, lakini si mahali pote sawa: barabara ya murram, mwamba, mabati ya mabweni na shamba lililolimwa hupata joto upesi kuliko msitu na majani. Hewa iliyo juu ya mahali hapo hupata joto, huwa nyepesi, ikapanda kama moshi usioonekana. Kipanga huingia ndani yake, akatandaza mabawa na mkia, akazunguka. Haonekani kupiga bawa hata mara moja, naye yuazidi kupanda mpaka awe kama nukta. Akifika juu hukunja mabawa kidogo, akateleza kwa mstari mrefu kuelekea kusini, akishuka polepole, mpaka akute hewa nyingine ipandayo. Basi kazi yake ni hiyo: kupandishwa bure na kuteleza. Kabla ya saa nne ardhi haijapata moto, na jioni hewa imekwisha nguvu. Kwa hiyo kitwitwi yuko njiani usiku, na kipanga yuko njiani mchana.

Saa nne na nusu mwenzetu mmoja akapiga kelele. Juu ya mabati ya karakana palikuwa na vipanga tisa wakizunguka. Nilijisikia vibaya kidogo kwamba mabati yale tunayoyalaumu kila siku kwa joto yalikuwa yakiwasaidia watu kutoka Urusi.

Hapo ugomvi ukaanza. Mmoja alisema tisa, mwingine kumi na nne, wa tatu aliapa ni ishirini. Ndege wanaozunguka hawahesabiki, kwa sababu aliyepita mbele ya macho yako atapita tena. Dawa yake ni kungoja. Wakifika juu huondoka mmoja mmoja, wakifuatana kwa mstari kama watu watokao kanisani, na hapo ndipo huhesabiwa. Walikuwa kumi na mmoja. Toka hapo mmoja wetu alihesabu, mmoja aliandika, na waliobaki walikatazwa kutaja nambari yoyote kwa sauti.

Ndege wale walikuwa vipanga wa Urusi, Buteo buteo vulpinus. Huzaliwa tangu Finland mpaka katikati ya Asia, na wengi wao hawakai kwetu bali hupita mpaka Afrika ya Kusini. Kwa kuwa hewa ya kupanda hupatikana juu ya nchi kavu tu, wao huogopa bahari. Hulizunguka badala ya kulivuka kila bahari wanaloweza kulizunguka. Hivyo mamilioni ya kilomita za mraba za Ulaya na Asia hukusanya vipanga wao katika mahali pachache penye njia nyembamba. Huko Batumi, Georgia, ambako milima hukaribiana na Bahari Nyeusi, watu huhesabu kila mwaka zaidi ya milioni moja ya ndege wa jamii za vipanga, mwewe na tai. Kisha wengine hupita Suez, na wengine huvuka katika mlango wa bahari wa Bab-el-Mandeb, kati ya Yemen na Djibouti, ambao upana wake ni kilomita 30 hivi. Nasi tulipotazama ziwa kutoka kilimani tuliona jambo lile lile kwa udogo: hakuna hata mmoja aliyekwenda moja kwa moja juu ya maji. Wote walipinda magharibi wakafuata nchi kavu. Mtu asiyejua angedhani wamepotea.

Yuko mmoja avunjaye kanuni hii, nami namtaja kwa sababu ya habari yake. Ni kozi mdogo wa Amur, mwenye mabawa membamba yanayoweza kupigwa siku nyingi. Hutoka mashariki ya Siberia na kaskazini ya China, hupita India, akavuka Bahari ya Hindi mpaka Somalia, Kenya na Tanzania, akaendelea kusini. Hatukumwona siku ile, maana njia yake iko mashariki yetu na hufika Novemba na Desemba. Katika jimbo la Nagaland, India, kozi hawa hutua kwa makundi makubwa karibu na bwawa la Doyang. Mwaka 2012 ilijulikana ulimwenguni kwamba watu wa pale waliwanasa kwa nyavu za kuvulia samaki, maelfu kwa maelfu kila siku, wakawauza kwa nyama. Wakuu wa vijiji na wa makanisa, serikali na wapenda viumbe walikaa wakasemezana, na mwaka 2013 hakunaswa hata mmoja. Mwaka ule ule watatu walifungwa vyombo vya satelaiti wakapewa majina Naga, Wokha na Pangti, na watu wa vijiji vile wakaanza kufuata habari za safari zao mpaka Afrika. Wavuvi wetu wana nyavu za namna ile ile.

Saa nane upepo wa ziwa ulianza kusukuma, mawingu yakasimama upande wa Entebbe, na saa tisa mvua ikatunyeshea. Tulikimbilia chini ya tangi. Ilipokatika, kumbikumbi walitoka ardhini kwa wingi, na juu yao wakaja kozi sita, weusi kwa mbali, wembamba kama jembe jipya. Humkamata kumbikumbi kwa mguu, wakamla papo hapo angani bila kutua. Nasi chini tulikuwa tukiwaokota wale wale. Mpishi wa shule akipenda aseme kweli, atakiri kwamba usiku ule maharagwe ya watu saba yalibaki.

Daftari letu la siku ile lasema: vipanga wa Urusi 63, kozi 6, tai wadogo 2, na wanne ambao hatukukubaliana. Si wengi. Lakini ni mara ya kwanza kilima hiki kuandikwa.

Wengi wataniuliza jinsi ya kumtambua kipanga huyu na yule mwizi wa vifaranga ambaye Waganda humwita kamunye, hata wakayapa jina lake magari ya abiria yanayokwapua watu barabarani. Tazama mkia. Kamunye ana mkia wenye pengo katikati, naye huupindua-pindua kama usukani. Mkia wa kipanga wa Urusi ni wa mviringo, na akizunguka huutandaza kama kipepeo cha jikoni. Chakula chake hasa ni panya, mijusi na wadudu.

Na yeyote atakayeona ndege mwenye pete: kama yu hai, asiivue. Soma herufi na tarakimu zote, andika siku na mahali, ukapeleke kwa mwalimu wetu au kwa chama cha Nature Uganda huko Kampala, ambao watajua pa kuuliza. Kama amekufa, twaa pete, lakini usiifunge pamoja na ufunguo.

Siku ya kutembelewa na wazazi babu alikuja. Nilimpandisha mpaka kwenye tangi, polepole kwa sababu ya magoti yake, nikamweleza kama nilivyowaeleza ninyi. Nilikuwa na hofu kwamba ataona namkosoa mbele ya wenzangu. Akasikiliza, kisha akauliza:

"Na yule wangu, mkia wake ulikuwa wa namna gani?"

Nikamwambia, "Babu, mimi sikuwapo."

"Ulikuwa wa mviringo," akasema. "Nilimtundika mwenyewe. Naukumbuka."

Tukakaa kidogo. Alitaka kujua kama huko Moskwa nako kuna ziwa. Kisha akafungua uzi, akanipa pete, ufunguo akautia mfukoni peke yake. Pete tumeibandika katika ukurasa wa kwanza wa daftari, nalo daftari liko katika maktaba, rafu ya pili, kwa yeyote apendaye kuiona. Pengine mwenye macho mazuri kuliko sisi atasema kama ile tarakimu ni 3 au 8.